Upinde Usiolegezwa

Mwaka wa 1947, kama ungefika Pito na kuuliza nyumba ya Kornel, ungeulizwa kwanza: "Kornel yupi, mla kano?" Ndilo jina walilompa, na si kwamba alikuwa akila kano kweli. Ni kwamba upote wa upinde wake, yaani ile kamba ya kuvutia mshale, ulikuwa ukikatika kila baada ya wiki mbili, na kila upote mpya ulidai kano ya mgongo wa ng'ombe, ile nyeupe ndefu ambayo mchinjaji huibandua taratibu kwa ncha ya kisu. Wenzake wote pale kijijini upote mmoja uliwafikisha mwaka, wengine miwili. Walimtania sana. Yeye hakukasirika wala hakucheka. Alisema "Haya," akaendelea na alichokuwa akifanya.

Hilo "haya" ndilo alilorudi nalo kutoka vitani. Alikuwa ameondoka mwaka wa arobaini na mbili, miezi michache baada ya kufunga ndoa, akaingia Keya, lile jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, akapelekwa mpaka Burma kupigana na Mjapani. Aliporudi kwa lori la kutoka Mbeya, amevaa koti la jeshi lililomfika magotini, Zita mkewe alimchinjia kuku. Kornel alikula, akasema kuku ni mzuri, kwa sauti ile ile aliyotumia baadaye kusema kwamba mvua imekatika. Zita akadhani ni uchovu wa safari. Akangoja wiki, akangoja mwezi. Hata mwanamke aliyekwisha kungoja miaka minne huwa anafika mahali akajiuliza anangoja nini hasa.

Kornel mwenyewe alijua kuna kitu hakipo. Alipokaa na watu aliwaona midomo ikicheza, akaelewa kila neno, na hakuna lililomgusa. Alijua kwamba anampenda Zita kwa namna mtu anavyojua jina la mto wa kwao: jina analo, lakini haliwezi kumlowesha. Hakuwa na huzuni. Watu waliomwonea huruma kwa huzuni yake walikuwa wanajisumbua bure, na yeye hakuwa na nguvu ya kuwaeleza.

Kitu kimoja tu alikifanya kwa bidii, nacho ni kuutunza upinde. Bunduki alikuwa ameirudisha serikalini, na kijijini hapakuwa na mtu mwenye kibali cha bunduki, kwa hiyo nguruwe mwitu waliokuja kwenye ulezi walingojewa kwa mishale kama zamani. Upinde wenyewe ulikuwa wa baba yake, aliyefariki Kornel akiwa huko huko Burma. Mzee yule alikuwa na ufundi wake: aliukunja mti ungali mbichi, akazipasha ncha zake mbili kwenye jivu la moto na kuzipinda zielekee mbele, kinyume na mshikaji, akazifunga kwenye gogo mpaka zikakauka hivyo. Upinde wa namna hiyo ni mfupi lakini una nguvu za ajabu. Shida yake ni moja. Upote haufiki moja kwa moja kwenye ncha. Hulala kwanza juu ya ule mkunjo, ukausugua kila mshale unapotoka, na hapo ndipo unapoliwa.

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Kornel aliketi mlangoni, upinde magotini, akaukagua upote kuanzia juu mpaka chini. Kisha alichovya kitambaa kwenye mafuta ya nyonyo akaupaka, akasugua, akaupaka tena, mpaka ukang'aa kama bunduki siku ya gwaride. Hakuuvua hata siku moja. Mchana ulikuwa umekazwa, usiku ulikuwa umekazwa, umeegemezwa ukutani karibu na kichwa chake, jirani na jiko, tayari. Kama yangetokea maonyesho ya pinde pale kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, angechukua zawadi ya usafi.

Sasa hapa niseme wazi, maana wapo waliosema kwamba vita vilimsahaulisha, na wapo waliosema hakujua tangu awali. Alijua. Baba yake alimfundisha angali mdogo: kano hupakwa nta, haipakwi mafuta, kwa kuwa mafuta huilainisha ndani kwa ndani, haikai karibu na moto, na upinde ukimaliza kazi hulegezwa, upote ukavuliwa upande mmoja, ili vyote viwili vipumzike. Mafunzo hayo yote Kornel angeweza kukutajia bila kukwama. Lakini juu yake yalikaa mafunzo mengine, ya sajini mmoja mwenye sauti ya chuma: silaha safi, silaha yenye mafuta, silaha tayari. Mikono yake ikafuata sauti ya pili.

Aliyelipa gharama ni Zita. Kano zilipatikana mjini Sumbawanga kwa Huseni, mwenye bucha, na Huseni hakutaka chochote zaidi ya jembe: siku mbili za kulima shamba lake la Izia kwa kano moja. Kila upote ulipokatika, Zita alitia viazi kwenye kitambaa, akachukua jembe begani, akaenda Izia. Siku mbili huko, kwao Pito majani yanapanda. Akirudi anakuta mume ameketi mlangoni anapangusa upinde mtupu.

Mwezi wa tatu, ulezi ulipoanza kutoa vichwa, walikuwa wakipalilia pamoja. Zita akasimama, akajinyoosha mgongo. Hakuwa na hasira. Hasira zilikwisha kumwisha wakati wa Krismasi.

"Bwana," alisema, "nitalinda shamba hili na nitalivuna, maana ni jasho langu na sitawaachia nguruwe. Ulezi ukishaingia kwenye kihenge, nitakwenda kwetu Kasense. Nimekwisha kumtumia kaka yangu salamu."

"Haya," Kornel alisema.

Alisema hivyo, kisha akajisikiliza. Alijua kwamba hapo ndipo mwanamume anapaswa kushtuka. Alingoja mshtuko kama mtu anayengoja mwangwi baada ya kupiga kelele bondeni, na bonde likanyamaza. Akaona wazi kwamba angeweza kumpoteza mwanamke huyu bila kuhisi chochote, na hata jambo hilo lenyewe halikumtisha. Aliinama akang'oa magugu mengine. Zita alimtazama kidogo, kisha naye akainama.

Aprili, alfajiri moja ya ukungu, nguruwe watano waliingia. Kornel alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia shamba, na dume kubwa lilikuwa hatua ishirini tu, limempa ubavu. Akavuta. Upote ukakatika pale pale kwenye mkunjo wa juu, ukamchapa shavuni, na mshale ukaanguka chini ya dungu kama kijiti. Zita ndiye aliyetoka mbio nyumbani akiligonga debe. Nguruwe waliondoka bila haraka, wameshakula kona nzima ya shamba.

Kornel alishuka, akauokota upote, akamwonyesha mkewe. Zita aliutazama, kisha akatazama ulezi uliolala.

"Safari hii utakwenda mwenyewe Izia," alisema. "Mimi siendi tena."

Akaenda. Bwana Huseni alikuwa mtu wa makamo, mnene, mjukuu wa watu waliokuja na misafara kutoka Ujiji, na kofia yake ya kazi ilikuwa safi kuliko bucha lake. Kornel alimwamkia shikamoo, akaeleza haja yake. Huseni aliitikia marahaba, akauchukua ule upote uliokatika, akauminya kwa vidole, akavinusa.

"Mbona umeukaanga?" aliuliza.

"Ni mafuta ya nyonyo, mzee."

"Naona. Sasa sikiliza, Keya. Mimi upinde siujui, hata nikiushika nitajichoma mwenyewe. Lakini kano naijua, ndiyo kazi yangu. Kano ina adui watatu. Mafuta huilegeza, maji huirefusha, na kuvutwa bila kupumzika huichosha hadi ikatike penye msuguano. Wewe umeipa mafuta na kuvutwa, umebakiza kuitia kwenye mtungi wa maji." Alirudisha upote. "Marehemu baba yako alichukua kwangu kano moja kwa mwaka, mwaka mbaya mbili. Akija mjini upinde wake ameulegeza, anautembelea kama fimbo. Kwani wewe hukufundishwa?"

"Nilifundishwa."

"Sasa?"

Huseni akamtazama kovu jipya la shavuni, akaacha kumtania. Akamwambia tu shamba liko wapi.

Kule Izia alianza kulima kama wanavyolima Wafipa, kukata majani, kuyarundika duara, kisha kuyafukia kwa udongo uwe tuta, yaoze humo ndani yawe mbolea. Alipomaliza matatu aliinuka kupumua. Shamba lilishuka mpaka kijitoni, na lote, ila kile kipande alichopewa, lilikuwa limekwisha kupigwa matuta ya duara, yamepangana, kila moja limepigwa bapa juu kwa kisogo cha jembe mara mbili. Kupiga mara mbili vile ilikuwa desturi ya Zita. Mamake alimfundisha, na hakuna mwingine Pito aliyefanya hivyo. Kornel aliyatazama matuta mpaka macho yakafika chini kwenye maji. Hakuona mkono wa mtu mwingine. Shamba zima la Huseni lilikuwa limelimwa na mkewe kwa ajili ya kano zilizooza kwenye mafuta yake.

Wewe na mimi pengine tungelia. Kornel alikaa chini kwenye udongo kwa muda, akangoja kuona kama kitakuja kitu. Kilikuja kidogo sana, kama joto la ukuta ambao jua limeshauacha, kikaondoka. Akasimama akalima siku zake mbili, na ya tatu ambayo hakuombwa.

Aliporudi nyumbani na kano, alifanya kila jambo kama alivyofundishwa na baba yake. Aliianika kivulini, akaipondaponda kwa jiwe mpaka ikaachana nyuzi nyuzi, akazilainisha nyuzi mdomoni, akazisokota pajani. Aliacha upote ukauke siku mbili umevutwa na jiwe, kisha akaupaka nta ya nyuki, akausugua kwa ngozi hadi nta ikayeyuka na kuingia ndani. Ile mikato miwili ya kwenye ncha, panaposhikiliwa upote, aliipapasa kwa kidole, akakuta mmoja una ukingo mkali. Akaulainisha kwa majani ya msasa. Mahali upote unapolala juu ya mkunjo, na pale katikati mshale unapokaa, akazungushia uzi wa pamba, akaukaza na kuupaka nta nao, ili kitakacholiwa kwanza kiwe uzi. Upinde akauhamisha mbali na jiko. Chupa ya nyonyo alimpa Zita.

Zita aliyaona yote hayo akiwa anachambua maharage. Ila jioni, na siku iliyofuata, na wiki iliyofuata, aliona upinde umeegemezwa ukutani umekazwa.

Upote ulimaliza mwezi wa nne, ukaingia wa tano. Kornel aliua nguruwe wawili, wengine wakahamia mashamba ya watu. Lakini ule uzi wa kwenye mkunjo ulianza kuchanika, na chini yake nyuzi za kano zikasimama kama nywele. Ulezi ulikuwa umebakiza siku kumi hivi kukatwa. Mchana mmoja wamekaa wawili pale dunguni, Zita alipitisha kidole juu ya zile nywele.

"Yote umefanya," alisema. "Kulegeza tu ndiko hutaki."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Kornel alitazama shamba. Kisha akaanza kueleza, na alieleza kama mtu anayetoa taarifa kwa afisa, tarehe kwanza. Walikuwa kando ya mto, yeye na Flavian, Mfipa mwenzake wa Kirando, ambaye walilala shimo moja miezi sita na kusema Kifipa ili wengine wasiwasikie. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi. Kornel aliifungua bunduki yake aisafishe, akakitoa kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi, akakiweka juu ya jani. Wajapani wakatokea. Chuma kiliangukia kwenye tope. Alikipapasa topeni, akawa anasikia Flavian akimwita kwa jina, mara nne. Alipokipata, Flavian alikuwa ameacha kuita.

"Tangu siku hiyo sijafungua kitu," alisema. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

Zita hakusema pole. Alikaa akafikiri, mwanamke wa mashamba anayejua kwamba shamba likiliwa kuna mtu alisinzia mahali fulani.

"Siku hiyo nani alikuwa zamu?" aliuliza.

"Hapakuwa na mtu. Sajini alisema mahali ni salama."

"Kwa hiyo ulisafisha silaha, na hakuna aliyekuwa akilinda."

"Hakuna."

Zita akasimama. Alichukua debe na kijiti chake, akageukia msitu, akampa Kornel mgongo. "Leo yupo," alisema. "Nalinda mimi. Ulegeze."

Kornel aliuweka upinde mbele ya mguu, akauinamisha juu ya paja. Kabla upote haujalegea, akautua. Alijaribu tena, akautua tena. Zita hakugeuka, alitazama pale pale msitu unapoanzia. Mara ya tatu Kornel aliukunja, kidole gumba kikausukuma upote ukatoka kwenye mkato, na upinde ukanyooka mikononi mwake taratibu, ukatoa sauti ndogo ya mti. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo. Hakuna kilichotokea. Ndege walikuwa wakila ulezi upande wa chini, na Zita akawagongea debe.

Walifanya hivyo kila mchana, siku zote kumi. Zita akisimama, Kornel analegeza. Jua likishuka anakaza. Aliondoa ule uzi uliochanika akazungushia mwingine, akaupaka nta, na kano chini yake haikuota nywele tena. Siku ya saba alilegeza Zita akiwa amekwenda kuchota maji. Hakumwambia, lakini Zita aliporudi aliuona upinde umelala chini, umelegezwa, akaupita akatua mtungi wake.

Msije mkadhani kwamba mambo yalikuwa yamenyooka. Zita alikuwa mtu wa neno lake. Ulezi ulikatwa, ukaanikwa, ukapurwa, ukaingia kwenye kihenge, naye Jumatano asubuhi akafagia nyumba, akafunga nguo zake, akachukua jembe lake alilokuja nalo akiwa bibi harusi.

"Nimekwenda," alisema mlangoni.

"Haya," alisema Kornel.

Zita akashika njia ya Kasense. Kornel aliingia ndani kunywa maji. Chombo cha maji kilikuwa kimejaa, Zita alikuwa amemjazia. Alichota, akainua kata, akaishusha bila kunywa. Kitu kikamkaba kutoka chini, kizito, kikapanda kifuani kwa maumivu ambayo alidhani ni ugonjwa. Alishika mlango, akasikia mtu analia kwa sauti mbaya kama ya ndama, na ikamchukua muda kutambua kwamba ni yeye. Alitoka akakimbia bila koti, bila upinde, bila kitu mkononi, akampata Zita karibu na kivuko cha kijito.

Zita aligeuka. Alimtazama uso uliolowa, kamasi zinamtoka, mwanamume mzima, keya. Akatua mzigo.

"Una nini?"

"Inaniuma," alisema Kornel.

"Nini kinakuuma?"

"Kwamba unakwenda." Pumzi ilimkata. "Na Flavian. Na mzee sikumzika. Yote yamekuja pamoja, Zita, sijui nishike lipi."

Zita alikaa juu ya mzigo, naye akakaa kando yake kwenye nyasi, akalia mpaka akachoka. Zita hakumpangusa wala hakumhimiza. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu, lakini hakuyaruhusu kufika mbali. Baadaye alisimama akajitwika.

"Mimi nitafika kwetu kama nilivyosema, wananingoja," alisema. "Wewe Jumapili baada ya misa utakuja Kasense, ukae mbele ya kaka yangu, useme haya uliyoniambia. Usije kuwaambia kuku ni mzuri. Ukisema hivi, tutarudi wote."

"Nitasema."

"Hata kama utalia."

"Hata kama nitalia."

Akavuka kijito, akapanda upande wa pili, hakutazama nyuma. Kornel alisimama pale pale mpaka hakumwona tena. Ilikuwa Jumatano. Akahesabu kwa vidole, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka vitani aliona siku nne ni nyingi mno.